Vigelegele Kabla ya Ukuta

Pumwani, Nairobi
2 Julai 1957

Bi Lela wangu,

Salamu zako zimefika na kanga imefika, na nikisema kweli kanga ndiyo iliyotangulia kufunguliwa. Nyekundu ile yenye korosho kubwa pembeni imemkaa Mwanasiti mpaka baba yake, Mzee Abdurahim, ambaye nguo za wanawake hazimhusu, ameweka gazeti chini akatazama. Mwenyezi Mungu akulipe.

Umeniandikia mimi kwa kuwa ndiye somo wake. Mimi ndiye niliyemfunda alipovunja ungo, na wazazi wake wameniachia shauri lote la posa hii. Unataka nikwambie bila kuficha mtoto yukoje kabla hatujapanga siku ya kumwoza kwa mwanao Haidari. Basi sikiliza. Mwanasiti ni mtoto wa ndani. Anapika, anashona, sauti yake huisikii ukiwa ukumbini. Asubuhi anateka maji bombani pamoja na wenzake, anarudi, na zaidi ya maji hayo ya ndoo maji mengine hayajui.

Jingine nakwambia wewe tu, usimpe mwanao akajivuna. Mwanasiti anamtaka Haidari. Mwaka ule Haidari alipokuwa akikaa hapa Pumwani kwa mjomba wake, akiuza dukani karibu na msikiti, mtoto huyu alikuwa akitumwa chumvi anarudi na kiberiti, akitumwa kiberiti anarudi mikono mitupu. Nilijua zamani.

Kuhusu kuja kwako Agosti umtazame akitoka kuoga, kama ilivyo desturi ya kwenu na ya kwetu, nakuomba usogeze mbele kidogo. Agosti hatakuwapo. Anamsindikiza mwalimu wake, Bi Norah Otiende wa Kaloleni, kwenye shughuli moja ya shule. Ni mambo ya wanawake watupu, usiwe na wasiwasi.

Nduguyo,
Muhiba


Kampala
15 Julai 1957

Bi Muhiba mpenzi,

Nimesoma barua yako mara moja kwa miwani na mara moja bila miwani, na mara zote mbili uliyemwandika ni malaika. Malaika mimi nawaogopa, sijui wanakula nini.

Usinikasirikie. Nina sababu ya kuuliza sana. Unajua mwanangu mkubwa, Saad, alioa kule Jinja. Mkewe si mtoto mbaya, ananiheshimu, na kila Idi ananiletea kitambaa. Lakini anapanda baisikeli. Nikienda kwao nakuta mlango una kufuli, na majirani wananionyesha alama za magurudumu. Nimewahi kukaa kwenye ngazi yao na kikapu changu cha ndizi mpaka alasiri, na nilirudi Kampala bila kumwona mtu. Siku ile nililia kwenye basi na sikuona haya.

Sasa nimebakiwa na Haidari. Yeye atakaa nyumbani kwangu na mkewe, na mimi nataka mkamwana ambaye nikibisha hodi ataitika. Basi nakwambia mapema, dada yangu: nikisikia neno moja tofauti na hayo uliyoniandikia, posa nitairudisha. Kanga nitawaachia.

Agosti usijali, hata mimi nina kazi. Chama chetu cha akina mama kimetwikwa chai ya wageni wanaokuja kwa michezo. Michezo gani sijauliza. Mimi nimeulizwa habari ya sukari.

Wako,
Lela


Kampala
13 Agosti 1957

Shikamoo Somo,

Tumefika salama. Treni ilichoka kuliko sisi. Tumelazwa kwenye mabweni ya shule moja ya wasichana, vitanda vya chuma, na usiku kuna baridi ambayo hukuniambia.

Mashindano yanaitwa ya Nchi Nne: sisi wa Kenya, wenyeji wa Uganda, Tanganyika na Unguja. Wamefanya kama walivyoahidi. Siku za wanawake bwawa limezungushiwa turubai, wanaume wote nje, na hata askari wa lango amegeuziwa kiti atazame barabara. Mwambie Baba hivyo, kwa sababu ndilo sharti lake alilotoa.

Somo, bwawa la hapa ni refu kuliko la ile klabu ya Wahindi tunakofanyia mazoezi Nairobi, na halina paa. Hilo limenisumbua jana. Nikiogelea chali kule Nairobi nafuata boriti za dari na najua nipo wapi. Hapa juu ni mawingu, nayo yanatembea. Nilikwenda upande mpaka nikagonga kamba. Mwalimu Norah akaniambia nisitafute cha kufuata, nikaze tumbo tu na mikono iende sawa. Na kanuni yake ni ileile: nisigeuze shingo. Anasema anayegeuka kutafuta ukuta ameshapitwa.

Kuna mwenzangu kutoka Entebbe aliniuliza nani alinifunza mtindo wa chali. Nikamwambia ni Ramadhani. Hakuelewa. Nikamweleza kwamba nilipokuwa mdogo kwa bibi Mombasa, tulipoanza kujifunza kufunga, watoto waliokwenda kuogelea walirudi na swaumu zimebatilika kwa kumeza maji. Mimi nikalala chali nikafumba mdomo, nikaogelea na swaumu yangu ikabaki. Alicheka sana, halafu akaniuliza kama nilikuwa mshindi siku hizo pia.

Jumamosi ni fainali ya yadi mia. Nimeingia. Naogopa mambo mawili, Somo, na la pili ni kubwa zaidi. Huyu mama yake Haidari anakaa mji huuhuu. Kila nikiona mwanamke mtu mzima mwenye miwani moyo unaruka.

Mwari wako,
Mwanasiti


Pumwani, Nairobi
15 Agosti 1957

Mwanangu Mwanasiti,

Tuliza moyo. Kampala si uchochoro wa Pumwani ambapo ukipiga chafya huku unaambiwa afya kule. Bi Lela hatakuja kwenye mabwawa. Anapika chai ya wageni wa mpira, sijui wa mchezo gani, ameniandikia mwenyewe.

Lakini usitoke ovyo. Ukienda mjini vaa buibui na usishangae madukani. Mimi ndiye niliyesema uwongo, na ukipasuka utanipasukia mimi. Niliuchagua kwa sababu nilikuona siku ile Mwalimu Norah alipokuja kuuliza kama utaacha kuogelea ukiposwa. Ulisema utaacha, ukaenda uani, ukakaa karibu na jiko mpaka ukageuka majivu. Nikasema, huyu nitamwozesha na maji yake. Tutamwambia mama mkwe baada ya harusi, wakati hana pa kukurudisha.

Baba yako ameridhika na habari ya kiti cha askari. Alirudia kuisoma kwa wazee barazani, ila badala ya bwawa akasema darasa.

Ukitoka majini usikae na baridi. Jifunike ile kanga nyekundu aliyokuletea Bi Lela. Itakupa joto, na baraka pia.

Somo wako,
Muhiba


Kampala
18 Agosti 1957

Shikamoo Somo,

Nimekuwa wa pili. Barua hii itanitangulia, kwa sababu kesho tunapelekwa Jinja kuonyeshwa mitambo ya umeme. Nimeona uisome mapema, nikifika usiniulize maswali nitalia tena.

Nilikuwa wa kwanza, Somo. Wallahi nilikuwa wa kwanza. Tulianza sote ndani ya maji, tumeshika chuma na miguu ukutani. Filimbi ilipolia nikajua tu kwamba leo mwili unanitii. Tulipogeuka kwa urefu wa mwisho sikuona mkono wa mtu kulia wala kushoto. Mawingu sikuyatazama. Nilikuwa naenda na nilikuwa na raha, raha ile ya kusahau kwamba unashindana.

Halafu nikasikia vigelegele. Vya kwetu hasa, virefu, vya mtu anayejua kazi. Somo, wewe ndiye uliyenifunza kwamba vigelegele havipigwi jambo likiwa njiani. Mtoto akishatoka ndipo hupigwa, ndoa ikishafungwa ndipo hupigwa. Shingo sikugeuza, ukuta sikuuona. Nikasikia vigelegele nikajua nimefika. Nikaacha kuogelea. Nikanyoosha mkono nishike ukuta na nikashika maji.

Miguu ilishazama. Msichana wa Dar es Salaam akapita, na yule wa Entebbe akapita. Nikalala tena, nikapiga maji kwa hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Wa Entebbe nikampata mwishoni. Wa Dar alinizidi mkono mmoja. Mwalimu Norah anasema alinipigia kelele mpaka sauti ikamkauka, na mpaka leo anazungumza kama jogoo mgonjwa.

Nilipotoka nilikuwa natetemeka. Nikajifunika kanga yangu nyekundu na nikaenda penye meza ya chai, na nikasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba aliyepiga vigelegele vile nikimjua nitammwagia birika zima. Mama mmoja aliyekuwa akimimina chai aliniangalia, akanitilia sukari, akaongeza tena, akanipa kaimati kwenye kisahani mpaka zikaanguka. Hakusema hata neno moja. Nadhani ni bubu, maskini. Nilimshukuru kwa ishara.

Nitaileta medali. Ni ya fedha, si mbaya, ila kila nikiitazama nasikia vigelegele.

Mwari wako,
Mwanasiti


Kampala
19 Agosti 1957

Bi Muhiba,

Natumai u mzima. Mimi mzima, ila macho yangu yamechoka kwa mambo yaliyoyaona.

Uliniomba nisogeze mbele siku ya kumtazama mwari akitoka kuoga. Nakuarifu kwamba nimeshamtazama, wala sikulipa nauli. Ametoka majini mbele yangu Jumamosi, mbele yangu na mbele ya wanawake wa nchi nne. Ni mzima, hana kilema, ana miguu iliyonyooka na mabega yanayoweza kushusha magunia ya treni. Jina lake lilisomwa kwa kipaza sauti, lakini akina Mwanasiti ni wengi, nikasema huenda ni mwingine. Kisha akajifunika kanga. Ile kanga niliinunua mwenyewe, nilibishana na Mhindi mpaka akanipunguzia. Naijua.

Mtoto wa ndani, uliniandikia. Maji zaidi ya ndoo hayajui. Barua yako ninayo, nimeifungua hapa mezani, na kila sentensi nikiisoma naona yadi mia.

Sikusema naye. Sitaki kukwambia mengi kabla sijakusikia wewe. Posa nimeiweka kando. Sijairudisha. Nimeiweka kando.

Lela


Pumwani, Nairobi
23 Agosti 1957

Bi Lela, dada yangu,

Nilisema uwongo. Naandika hivyo juu kabisa ili usihangaike kuutafuta chini. Mwanasiti hakuniambia niseme, na wazazi wake hawajui niliyokuandikia. Baba yake alimruhusu kuogelea mbele ya wanawake watupu, basi. Aibu yote ichukue, uniwekee mimi mlangoni.

Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa. Ulitaka mtu wa ndani, na mimi nikaona nikikwambia ukweli utamwona mwenye baisikeli mwingine. Lakini sikiliza, Bi Lela. Huyu mtoto anakwenda kwenye bwawa siku moja kwa juma. Siku nyingine sita anaitika kila hodi ya mtaa huu mpaka nachoka mimi. Bibi kizee wa chumba cha tatu akipoteza yule paka wake kikojozi, Mwanasiti ndiye anayetoka na taa. Siku ile moja ndiyo inayomfanya siku sita zile ziwe nyepesi. Haya nilipaswa kukuandikia mwezi wa Julai, na nimekosa.

Sasa na mimi nina swali, na nakuomba unijibu kama dada. Mtoto ameniandikia kwamba alishindwa kwa sababu ya vigelegele. Mtu alivipiga kabla hajafika, naye akadhani mambo yamekwisha, akasimama katikati ya maji. Ameniandikia pia kwamba kulikuwa na mama kwenye meza ya chai, aliyemtilia sukari nyingi kupita kiasi na asiseme neno. Yeye anadhani yule mama ni bubu. Amemwombea dua njia nzima kutoka Jinja.

Wewe bubu umeanza lini?

Nduguyo aliyekosa,
Muhiba


Kampala
29 Agosti 1957

Muhiba, Mungu anakuona,

Ni mimi.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Nilisimama na birika langu, sina habari na maji wala na wanaoogelea, nasubiri wamalize wanywe chai tukaoshe vikombe. Mashindano yenyewe niliyaona ni ujinga wa watu wasio na kazi. Mara jirani yangu akasema, yule wa mbele ni Mwislamu, mtoto wa watu wa pwani. Nikatazama. Muhiba, alikuwa amelala juu ya maji kama mtu aliye kitandani kwake na huku anawaacha wote nyuma. Nimekaa Kampala miaka mingi, na sijaona mtu wa kwetu akiwa mbele ya watu kiasi kile bila kumwomba mtu radhi. Ulimi ulianza wenyewe. Nilikuwa nimeshapiga mpaka pumzi ya pili ndipo nikaona amesimama. Nikajua nimefanya nini. Mwalimu wake akapiga kelele, "Bado! Mwanasiti, bado! Enda!" Na mtoto akalala tena akaenda.

Alipokuja mezani na kusema atanimwagia birika, nilikuwa nimeshaiona kanga. Ningesema nini? Mimi ndiye mama mkwe wako, nimekuponza, karibu chai? Nikamtilia sukari. Akanishukuru kwa vidole, mwana wa watu, kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi. Barua niliyokuandikia baadaye ilikuwa kali kwa sababu nilitaka kosa lako liwe kubwa kuliko langu. Halikuwa.

Basi posa imerudi mahali pake. Namtaka. Aliyeweza kumshukuru bubu akiwa na hasira ile, huyo nikibisha hodi ataitika.

Lakini lipo tatizo, na si dogo. Nilidhani Haidari anajua. Juzi mezani nikamweleza mambo yote nikicheka, na nikaona kijiko chake kimesimama. Hakujua hata chembe. Alinawa mikono akatoka. Leo ni siku ya pili, anakwenda kazini posta, anarudi, anasalimu, anaingia chumbani. Mimi nimemsamehe Mwanasiti, lakini mimi si mwenye kuoa. Nimemwambia akuandikie wewe, kwa kuwa kumwandikia mwari mwenyewe kabla ya ndoa si ustaarabu. Sijui atasema nini. Naogopa, Muhiba, nakwambia wazi.

Wako,
Lela


Kampala
5 Septemba 1957

Shikamoo Bi Muhiba,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa nimenuna, na sikutaka kuandika huku nimenuna.

Mimi ndiye ninayeoa, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Wewe unajua, baba yake anajua, mwalimu anajua, wanawake wa nchi nne wanajua, na mama yangu amepiga na vigelegele juu yake. Mimi nilikuwa mezani nakula wali. Jambo hilo limeniuma, na nasema ili lisibaki ndani.

Kuogelea kwake si neno kwangu. Mara ya kwanza nilipofikiri nilikuwa na wivu, halafu nikajiuliza wivu wa nini, wa maji? Nikaacha. Lakini Mama alinisimulia jinsi alivyokatizwa katikati, mbele ya watu wote, kwa kosa ambalo si lake. Kisha akaanza tena. Hapo ndipo nimekwama, na nina swali moja tu.

Nitakwambia kwa nini nauliza. Mwaka juzi nilifanya mtihani wa kupanda cheo hapa posta. Msimamizi alitupa karatasi zisizo zetu, na zilipobadilishwa muda ulikuwa umekwisha nusu. Wenzangu wakainama wakaandika. Mimi niliweka kalamu chini nikatoka nje. Nilikuwa na haki ya kukasirika, kila mtu alisema hivyo, na mpaka leo nina haki yangu na nimekaa dirisha lilelile la stempu. Mtihani sijaurudia. Mama hajui sababu, anadhani nilianguka.

Mimi nikikatizwa huwa nakaa chini. Najijua. Ndiyo maana nataka kujua mwenzangu yukoje, kwa sababu nyumba haiwezi kuwa na wawili wa kukaa chini. Mama anasema mwalimu alimpigia kelele ndipo akaenda. Tafadhali muulize yeye mwenyewe: alianza tena kwa sababu aliambiwa, au alianza mwenyewe?

Akiniambia aliambiwa, sitamwacha, usiogope. Nimtakaye ni yeye. Ila nitajua kwamba itabidi mimi nijifunze kupiga kelele.

Mwanao,
Haidari


Pumwani, Nairobi
11 Septemba 1957

Mwanangu Haidari,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika mwisho nikakaa. Nisamehe. Tulikuzunguka sote kama kwamba wewe ni mtoto, na kumbe mtu mzima katika shauri hili ni wewe peke yako.

Nilimkuta Mwanasiti uani anakuna nazi. Nikamsomea swali lako, na nikamsomea sababu yake pia. Usinilaumu, nimechoka kuficha. Aliendelea kukuna kidogo, halafu akaacha na nazi ikabaki mkononi. Nilimwona machoni kwamba sasa ndipo anakuposa wewe, si wewe unayemposa.

Akasema, "Mwambie nilianza mwenyewe. Masikio yalikuwa yamejaa vile vigelegele, sikumsikia Mwalimu wala mtu mwingine. Na mwambie mtihani wa posta upo kila mwaka."

Nikamuuliza hana neno lililo laini zaidi la kumpelekea mchumba. Akasema hilo ndilo laini.

Nikamweleza pia habari ya yule bubu. Hiyo ilichukua muda. Kwanza hakuamini, halafu uso ukambadilika, nikadhani birika limerudi. Kisha akacheka mpaka nazi ikamwagika mchangani, na tukala mchuzi mwepesi siku hiyo. Ananituma nimwambie mama yako kwamba dua alizomwombea hazidai, na kwamba zile kaimati zilikuwa nzuri.

Lakini na yeye ana swali, na anasema alitaka kukuuliza tangu siku zile za dukani, ila kiberiti kilikuwa kinamziba mdomo. Hapa Nairobi siku ya wanawake bwawani ni Alhamisi. Hajawahi kuikosa ila akiwa mgonjwa. Akija kwenu Kampala, Alhamisi yake itakuwa ya nani? Hakutaka nipambe swali. Anataka ulijibu kabla mahari haijapokelewa, na safari hii hakuna wa kujibu kwa niaba yako.

Somo wa mkeo, ukijibu vizuri,
Muhiba


Kampala
17 Septemba 1957

Shikamoo Bi Muhiba,

Mama ameniambia nikusalimu na niandike kwamba chumba kimepakwa chokaa. Mimi sikutumwa kuandika mengine, lakini nitaandika.

Jana asubuhi nilikwenda kwa bwana mkubwa nikaandikisha jina langu kwa mtihani wa Januari. Aliniuliza kwa nini sikurudi mapema. Nikamwambia nilikuwa nimesimama kidogo.

Nilipotoka kazini nilipita kwenye bwawa. Sikuwa nimewahi kufika. Askari wa lango aliniuliza natafuta nini, na nilipomwambia nauliza siku ya wanawake akanicheka sana, akaniita mchunguliaji wa wanawake, akaniita mengine. Nikamngoja amalize. Kisha nikauliza tena.

Mwambie Mwanasiti kwamba Alhamisi siwezi kumpa, hapa Alhamisi ni ya wanaume. Wanawake wana Jumanne, na Jumanne yote ni yake. Nimeikagua njia kutoka nyumbani kwetu mpaka langoni, ni mwendo mfupi na una kivuli.

Aje.

Haidari